Maswali ya Pesa: Bonasi ya kadi ya mkopo na matumizi ya nyumbani

SWALI: Assalamu alaikum. Mume wangu anafanya kazi katika ghala huko Columbus, Ohio, nami naishi na watoto wetu hapa Malindi. Benki moja ya Marekani imemwahidi pointi 60,000 iwapo atachukua kadi yake ya mkopo na kutumia dola 4,000 katika miezi mitatu ya mwanzo. Yeye anaona jambo hili ni jepesi, kwa kuwa kila mwezi hututumia pesa za matumizi, tuna karo ya watoto wawili, na karibuni atakuja kwa arusi ya mdogo wangu. Je, pesa anazotutumia zitahesabiwa? Na tukiona hatufiki, tununue friji kubwa na seti ya viti ili tufikishe? — Bi. M., Malindi

JIBU: Wa alaikumu salaam, dada yangu. Kwa kiwango cha takriban shilingi 129 kwa dola, shemeji anatakiwa kutumia kama shilingi 516,000. Pointi 60,000, kwa benki zinazozinunua kwa senti moja kila pointi, ni dola 600, yaani zaidi ya shilingi 77,000. Si pesa ya kudharauliwa, na benki haidanganyi inapoiahidi. Inachotumainia ni kwamba wengi watakaoifuata watabaki na deni, na riba ya deni hilo itarudisha ile bonasi na ziada yake.

Nianze na pesa anazowatumia, kwa sababu ndizo anazozitegemea zaidi, nazo ndizo zisizofaa. Mtu akituma pesa nyumbani kupitia kampuni za kutuma fedha na akachagua kulipa kwa kadi ya mkopo, benki nyingi za Marekani huyachukulia malipo hayo kuwa ni kukopa pesa taslimu na si ununuzi. Hapo hutozwa ada, ambayo mara nyingi ni asilimia 5, na riba huanza kuhesabiwa siku ile ile bila ya muda wa kusubiri. Kwa hivyo akikutumia dola 300 hupoteza 15 papo hapo, na hata dola moja haiingii katika zile 4,000. Masharti ya American Express, kwa mfano, yanataja waziwazi kwamba malipo ya mtu kwa mtu na ununuzi wa kadi za zawadi havihesabiwi kwa ajili ya bonasi. Benki nyingine huongeza hawala za benki, bahati nasibu na kamari ya kasino. Ada ya mwaka ya kadi yenyewe nayo haihesabiwi. Basi aendelee kukutumia pesa kutoka akaunti yake ya benki kama alivyozoea.

Njia ya kufikia kiwango iko huko huko Columbus, katika mambo anayoyalipa kila mwezi bila kufikiri. Tuseme chakula na petroli humgharimu dola 600 kwa mwezi, na simu, intaneti na umeme dola 250. Akiyahamishia yote haya kwenye kadi, kwa miezi mitatu amefikisha dola 2,550. Tiketi yake ya ndege ya kuja Kenya, tuikadirie dola 1,400, inampeleka hadi 3,950. Bima ya gari, ambayo kampuni nyingi za Marekani huruhusu ilipwe ya miezi sita kwa mkupuo, tuseme dola 700, inamvusha hadi 4,650. Hakuna friji wala viti katika hesabu hii, na kila kitu kilichomo angekilipa hata kama asingekuwa na kadi. Kodi ya nyumba nimeiacha nje kwa makusudi, kwa sababu wenye nyumba wengi huko ama hawapokei kadi ama huongeza ada ya kama asilimia 3. Hata hivyo, iwapo atabakiwa na pengo mwishoni, kulipa ada ya dola 30 juu ya kodi ya dola 1,000 ni bora kuliko kuipoteza bonasi ya dola 600.

Suala la tarehe linataka uangalifu. Miezi mitatu huanza siku akaunti inapoidhinishwa, si siku kadi inapofika mlangoni kwa posta. Kwa hiyo asiombe kadi leo ikiwa tiketi ataikata baada ya miezi minne. Aiombe pale anapokaribia kuikata. Kinachotazamwa ni siku ya kununua tiketi na si siku ya kusafiri. Akiifuta safari na kurudishiwa nauli, kiasi hicho huondolewa kwenye hesabu, na baadhi ya benki huweza kuzichukua tena pointi zilizokwisha kutolewa. Asikae hadi wiki ya mwisho, na avuke kiwango kwa dola mia moja au mbili, kwani bidhaa moja ikirudishwa dukani inatosha kumwangusha chini ya mstari.

Sasa nije kwenye hatari yenyewe, nayo inakuhusu wewe, dada, kuliko unavyodhani. Shemeji akianza kulipia chakula, petroli na umeme kwa kadi, zile dola 850 alizokuwa akizilipa kutoka kwenye mshahara zitabaki katika akaunti yake ya benki, na ataziona. Nawe, kwa kuwa arusi iko njiani, utamwambia kuwa fundi anataka saruji, kuwa mpambaji anataka malipo ya awali, kuwa sare za kina mama zimepanda bei. Naye, kwa moyo mwema kabisa, atakutumia. Pesa hizo zilikuwa zimekwisha kuliwa. Zilikuwa zinangoja tu taarifa ya kadi, yaani hesabu ya deni la mwezi, ifike. Tangu mwaka 2023 wastani wa riba ya kadi za mkopo huko Marekani umepita asilimia 20 kwa mwaka; kwa asilimia 21, deni la dola 4,000 hula takriban dola 70 kila mwezi, na baada ya miezi tisa hivi bonasi yote imekwenda na deni limebaki pale pale. Nimeona familia za pwani zikiingia katika hali hii bila ya mtu yeyote kufanya israfu. Ni kwamba mume na mke walikuwa wakiitazama akaunti moja kwa macho mawili tofauti.

Dawa yake ni kwamba kila anapopokea mshahara alipe yote aliyoyatumia kwa kadi tangu mshahara uliopita, bila kungoja taarifa. Wengi hudhani kulipa mapema hupunguza hesabu ya bonasi, lakini sivyo: kinachohesabiwa ni manunuzi, na malipo hayayafuti. Zaidi ya hayo, ikiwa ukomo wa kadi yake ni mdogo, tuseme dola 2,500, kulipa mapema ndiko kutakakompa nafasi ya kununua tiketi, na kutazuia benki isiripoti kwamba ameijaza kadi, jambo linaloshusha alama zake za mkopo, zile ambazo wakopeshaji huzitazama. Wewe nawe umwombe akwambie kila mwezi kiasi kilicho chake hasa, baada ya deni la kadi kuondolewa.

Akishafika Malindi, asitarajie makubwa. Shule nyingi hupokea karo kwa benki au kwa Paybill ya M-Pesa. Samaki, bodaboda, fundi na mpishi wa arusi ni M-Pesa au taslimu. Mahali panapopokea kadi ni maduka makubwa, vituo vya mafuta, na zile hoteli na mikahawa iliyozoea wageni wa Kiitaliano. Atazame kwanza kama kadi yake hutoza ada ya matumizi ya nje, ambayo kwa kadi nyingi ni karibu asilimia 3. Na mashine ikimuuliza kama anataka kulipa kwa dola au kwa shilingi, achague shilingi, kwa sababu kiwango cha kubadilishia kinachowekwa na mashine huwa kibaya karibu kila mara. Jamaa wanaokuja arusini kwa ndege kutoka Nairobi anaweza kuwakatia tiketi kwa kadi yake na wao wakamlipa, ila apokee pesa kwanza ndipo akate. Ahadi zinazotolewa wakati wa arusi zinajulikana.

Kuhusu friji na viti: ukitumia dola 500 kwa kitu ambacho hukukipangia ili upate bonasi ya 600, umepata dola 100 na viti. Kama friji ilikuwa katika mpango wenu tangu zamani, hilo ni jambo jingine, nunueni.

SWALI: Je, kuchukua kadi kama hii si kuingia katika riba? — Msomaji, Malindi

JIBU: Mimi si mtu wa kutoa fatwa, na ukurasa huu si mahali pake. Nenda kwa shekhe wako na mambo mawili ya hakika. Kwanza, anayelipa manunuzi yote ya taarifa kabla ya tarehe ya mwisho hatozwi riba, na sheria ya Marekani ya mwaka 2009 inataka taarifa itumwe angalau siku 21 kabla ya tarehe hiyo. Pili, mkataba unaotiwa saini una sharti la riba kwa atakayechelewa. Mwambie yote mawili. Ukimwambia la kwanza peke yake atakujibu nusu ya swali.

SWALI: Nina nyumba ndogo ya wageni Shela, Lamu, ambayo naikarabati, na nina mashine ya kadi. Kaka yangu aliyeko Marekani amebakiwa na dola 900 na siku chache ili kufikia kiwango cha bonasi. Anataka nimtoze kwenye mashine yangu kana kwamba amelala siku kumi, kisha pesa zikiingia nimpe mama kwa matumizi yake. Anasema hakuna anayeibiwa. — S., Lamu

JIBU: Ndugu S., usifanye. Hayo si mauzo bali ni kutoa pesa taslimu kwa jina la mauzo, na kanuni za Visa na Mastercard zinawakataza wafanyabiashara jambo hilo. Benki iliyokupa mashine inaweza kuzuia pesa hizo na kuichukua mashine yenyewe, nawe ukabaki bila mashine msimu wa wageni unapoingia. Upande wa kaka yako, benki ikishuku inaweza kumnyima bonasi na kuifunga kadi. Hata gharama haipendezi: ikiwa mashine yako hukata asilimia 3, na kadi yake hutoza asilimia 3 kwa matumizi ya nje, dola 54 zimepotea kabla mama hajaona kitu.

Akitaka kuziba pengo kwa haki, alipe bima ya gari ya miezi ijayo, aweke malipo ya mbele kwenye akaunti za simu na umeme iwapo kampuni hizo zinaruhusu, au amkatie mama tiketi ya ndege kutoka Manda hadi Nairobi ikiwa kweli mama ana safari, kwa mfano ya hospitali. Boriti, chokaa na ujira wa wenye punda wa ukarabati wako havitamsaidia, maana vyote hulipwa mkononi au kwa simu. Na siku zikipita kabla hajafika, kinachopotea ni bonasi peke yake. Kadi itaendelea kufanya kazi kama kawaida, na aliyoyanunua ni yale yale aliyoyahitaji.