Umepangiwa mapacha walioungana? Fungua faili la pili

Juzi muuguzi mmoja mwenye ajira mpya, yuko hospitali ya wilaya, ameniandikia: "Dada, wamezaliwa mapacha walioungana, matroni kanipangia mimi. Nianzie wapi?" Nilimpigia, tukaongea hadi salio likakata. Yaliyobaki nayaandika hapa, maana najua wauguzi mnaonisoma mnaitamani siku mtakapoaminiwa kazi kama hiyo.

Wa kwangu tuwaite Kulwa na Doto. Waliungana kuanzia kifuani hadi karibu na kitovu. Napokea zamu ya usiku, nakuta faili moja, limeandikwa jina la mama tu. Nikauliza, nani kati yao katapika maziwa? Kimya. Nikafungua la pili palepale. Kulwa nikamfunga utepe mwekundu mguuni, Doto wa bluu, na mipira ya kulishia na chati zikafuata rangi hizohizo. Wapo walionicheka kwamba najifanya msomi. Wiki haikuisha, daktari akataka wodi nzima ifanye hivyo.

Dawa ndizo zinazotisha. Damu yao inaweza kuwa inachangamana, kwa hiyo unayomchoma Kulwa huenda ikamfikia Doto, na mizani inakupa uzito wao wa pamoja. Usipige hesabu peke yako hata kama ulikuwa kinara darasani. Kaa na daktari na mfamasia. Ukishatoa, waangalie wote wawili, andika kwa wote wawili.

Kuwageuza ni kazi ya watu wawili: mmoja anashika vichwa, mwingine viwiliwili, mnahesabu moja, mbili, tatu. Hakikisha pua ya mmoja haizibwi na shavu la mwenzake. Pale ngozi zinapokutana, maziwa na jasho hujificha. Mimi nilipangusa kwa pamba na maji ya vuguvugu, nikakausha taratibu. Doto akiguswa pale hulia, halafu humshika mwenzake sikio ananyamaza.

Kilichoniuma ni simu. Mtumishi mwenzetu aliwapiga picha, ikazunguka WhatsApp kabla baba yao hajafika kuwaona. Ndugu zangu, tuoneane aibu! Mapacha walioungana Maria na Consolata Mwakikuti walizaliwa Makete mwaka 1996, hawakutenganishwa, wakasoma hadi Chuo Kikuu cha Ruaha, Iringa, kabla ya kufariki Juni 2018. Nao waliwahi kuwa wachanga mikononi mwa wauguzi. Funga pazia. Anayetaka kuchungulia mwulize ana kazi gani pale.

Watoto walipopewa rufaa, kwenye kikao wakapongezwa madaktari na dereva wa ambulensi. Wodi yetu haikutajwa, na mpaka leo linanikera, sifichi. Hospitali ya Kenyatta, Nairobi, mwaka 2016 waliwatenganisha mapacha Blessing na Favour kwa upasuaji wa takriban saa 23, na sifa hizo ni za haki. Lakini watoto wale walikuwa wameishi hospitalini miaka miwili. Nani aliwalisha usiku? Tuache kungoja makofi, jamani. Andika ulichofanya, weka saini, kwenye faili la kila mtoto.

Na wewe mdogo wangu, katika ujumbe wako mrefu wote hukumtaja mama yao. Ameshawashika?