Jibu: Je, Kerala mgeni kutoka pwani anapotea?

Ndugu, umeuliza kama kijana wa Tanga anayekwenda kusoma Kochi, mji wa jimbo la Kerala huko India, ataona kila kitu kigeni. Wapi! Siku ya kwanza niliingia jikoni kwa mama mwenye nyumba nikamkuta amekalia mbuzi, anakuna nazi. Wao wanaiita chirava, ila ni mbuzi yule yule, na meno yake. Appam yao nayo ni binamu wa vibibi.

Kitakachokutoa jasho ni mundu. Ni shuka nyeupe ya kiunoni, na wanaume huikunja mpaka magotini wakiwa na shughuli zao. Akipita mzee, unaiteremsha haraka kwa heshima. Mimi niliiteremsha kwa adabu nyingi mno, ikateremka yote. Namshukuru Mungu nilivaa kaptura ndani.

Halafu Onam, sikukuu yao ya mavuno, Agosti au Septemba. Sadya, yaani karamu yake, inaandaliwa juu ya jani la mgomba: wali, sambar (mchuzi wa dengu), avial (mboga za nazi), papadam, kachumbari za kila namna, unakula kwa mkono. Acha nafasi ya payasam, ule uji mtamu wa mwisho! Ukishiba, kunja jani kuelekea kwako. Mimi nililikunja kwenda mbele, meza nzima ikanyamaza. Kumbe hivyo hukunjwa msibani. Mama akaligeuza mwenyewe, akaniongezea payasam.

Malayalam, lugha yao, itakupinda ulimi, lakini anza na "chaya kudicho?", yaani umekunywa chai? Ukijibu bado, umekwisha, hutoki hapo mapema.