Dishi moja, kompyuta nne: tulivyogawana intaneti nyumbani

Kwetu Kibakwe, upande wa milima ya Rubeho, nyumba iko bondeni na simu haishiki mtandao wa maana mpaka upande kilimani. Ndiyo sababu tulijichanga tukafunga dishi la setilaiti. Kompyuta ni nne: yangu, ya mama watoto anayechapa barua na kutoa nakala barazani, na laptopu mbili za vijana. Mwezi wa kwanza bando likakata siku ya tisa.

Fundi aliyetufungia alinishauri ninunue kifurushi kikubwa zaidi. Nakusihi, usikimbilie huko. Kwanza jua nani anakula. Nilifungua ukurasa wa ruta, kile kisanduku kinachogawa intaneti kwa kompyuta, kwa kuandika 192.168.1.1 kwenye kivinjari, nikatazama kila kifaa kinavuta kiasi gani. Usiku ule wote tumelala, kompyuta ya barazani ilikuwa inapakua masasisho ya Windows, na laptopu moja inapandisha picha mtandaoni. Hakuna aliyeziagiza. Siku iliyofuata nikaingia kwenye mipangilio ya kila kompyuta nikaiambia kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo (kwa Kiingereza "metered connection"). Ukishafanya hivyo, Windows inaacha kupakua mambo mengi bila ruhusa. Laptopu za vijana sasa husasishwa wakiwa chuoni mjini. Bando lilelile likafika mwisho wa mwezi.

Tatizo la pili lilitusumbua zaidi. Kuta zetu ni za tofali za kuchoma, nene, na waifai haikufika chumba cha uani. Kijana akaleta ruta ya zamani, akavuta waya kutoka ile ya kwanza. Asubuhi naambiwa, "Baba, intaneti imekufa." Kompyuta mbili zinafanya kazi, mbili hazifanyi, ukizima na kuwasha, zinabadilishana zamu. Siku tatu tulihangaika. Kumbe ruta zote mbili zilikuwa zinagawa anwani, yaani namba za kutambulisha kila kompyuta, na kila moja inajiita 192.168.1.1, kwa hiyo kompyuta hazijui mlango wa kutokea ni upi. Dawa yake ni hii: ingia kwenye ruta ya pili, zima DHCP, yaani ule ugawaji wa anwani, kisha ipe namba nyingine kama 192.168.1.2. Waya unaotoka ruta ya kwanza uchomeke kwenye mojawapo ya yale matundu yanayofanana ya ruta ya pili, usiuchomeke kwenye lile lililo peke yake. Waya usizidi mita 100, na upitishe ndani ya bomba la plastiki. Panya wa stoo walitukatia wa kwanza.

Kuna jambo ambalo ruta haiwezi kulitibu. Setilaiti ya aina yetu iko juu ya ikweta, umbali wa karibu kilomita 36,000. Ombi lako linapanda kule, linashuka kwenye kituo cha kampuni, kisha jibu linapanda tena ndipo likufikie. Ni safari ya zaidi ya kilomita 140,000, na hata kwa mwendo wa mwanga inakula karibu nusu sekunde. Kwa hiyo anayepiga simu ya video ataona mwenzake anachelewa kujibu, awe peke yake mtandaoni au la. Tulichokubaliana nyumbani ni kwamba mtu akiwa na usaili au darasa la mtandaoni, wengine hawapakui kitu, naye anazima picha anabaki na sauti.

Modemu, yaani kisanduku kinachounganisha dishi na ruta, pamoja na ruta zote mbili zichomekwe kwenye betri ya akiba. Umeme ukikatika hata sekunde moja, modemu inaanza upya kuitafuta setilaiti, na mwenye darasa anakuwa ameshatolewa.

Mvua kubwa za Januari zikianza, dishi linapoteza mawimbi kabisa, wakati mwingine saa nzima. Lakini ruta zikiwa zimewaka, kompyuta za ndani zinaendelea kuonana. Juzi mawingu yalitanda juu ya Rubeho, intaneti ikaondoka, na kijana akiwa uani akatuma kazi yake ya kurasa kumi na mbili ikatoka kwenye printa ya mama yake barazani, mvua inapiga bati.