Swali la lugha: Asiye mchawi aitweje?

SWALI: Naandika hadithi ndefu ya kubuni. Kijana anayeuza viazi Uyole anakutana na jamii ya siri ya wachawi ambao si watu wabaya. Mhariri amenirudishia mswada. Kila nilipoandika "watu wasio wa kichawi" amepiga mstari, na nilipoandika "siku hiyo aligundua kuwa wachawi wapo" ameweka alama ya kuuliza bila maelezo. Kosa liko wapi, na pande hizi mbili niziite nini? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Mhariri yuko sahihi kote kuwili, ila alama ya kuuliza ina uzito kuliko ule mstari. Tuanze nayo.

Katika hadithi nyingi za Kizungu za aina hii, kinachofichwa ni kwamba uchawi upo. Mtu wa kawaida hana habari kabisa, na akiona jambo hujiambia macho yamemdanganya. Siri hiyo ukiihamishia Uyole haishiki. Muuza viazi wako amekatazwa tangu utotoni kuokota hela njia panda. Mauzo yakipungua bila sababu, jirani yake wa meza humwambia ni chuma ulete, uchawi wa kuvuta fedha za mwenzio. Amesikia habari za Gamboshi ya kule Simiyu, ambayo watu husema ni mji mkubwa unaoonwa na wenyewe tu. Ukimwandikia msomaji wa Mbeya kwamba kijana huyo "aligundua kuwa wachawi wapo", atacheka. Kijana hajui *nani*. Hapo ndipo siri yako ilipo, na kitenzi chako kilenge hapo.

"Kugundua" kunafaa kwa jambo: aligundua njama, aligundua njia. Kwa mtu, "kutambua" kuna nguvu zaidi, kwa kuwa kunabeba maana ya kumjua mtu uliyekuwa ukimwona siku zote: "Alimtambua kwa sauti." Ukitaka kusimulia kutoka upande wa mchawi aliyejulikana, Kiswahili kina "kuumbuka" na "kunaswa". Kuumbuka ni kufichuliwa kwa aibu, kwa hiyo usikitumie pale mchawi wako anapojidhihirisha kwa hiari. Hapo sema "alijionyesha" au "alijitambulisha".

Halafu kuna "kumbe", ambalo waandishi wachanga hulitupa popote. Kumbe hufunua jambo lililokuwa kweli tangu zamani ila msemaji hakulijua: "Kumbe lile gunia la lumbesa halikuwa na kiazi hata kimoja." Halitangazi tukio linaloanza sasa hivi. Bibi akichomoza ukutani mbele ya macho ya kijana, usiandike "Kumbe bibi akatoka ukutani." Tumia "mara": "Mara bibi akatoka ukutani." Na usirundike "mara ghafla", moja linatosha.

Sasa ule mstari. "Kichawi" ina ki- ya namna, ile iliyomo katika kitoto na kizee. Hueleza kitu au jinsi jambo linavyofanyika: fimbo ya kichawi, alicheka kichawi. Mtu haelezwi hivyo. Mtu ama *ni* mchawi ama *ana* uchawi, na ukikanusha unapata "asiye mchawi" au "asiye na uchawi", wingi "wasio wachawi" na "wasio na uchawi". "Watu wasio wa kichawi" ni Kiingereza kilichovalishwa kanga. Hata "ulimwengu wa kichawi" upimwe: maana yake ulimwengu wenyewe ni wa ajabu. Kama ni mtaa wa kawaida wanaoishi wachawi, andika "mtaa wa wachawi".

Jina la hao wasio na uchawi linahitaji uangalifu, kwa sababu ni jina la kutoka upande mmoja tu. Muuza viazi hawezi kujiita hivyo. Kwake yeye ni mtu, basi. Kwa hiyo msimulizi aseme "watu", na neno la pekee likae midomoni mwa wachawi. "Mtupu" halifai, maana msomaji ataona uchi. "Maamuma" lina ladha nzuri: ni anayeswali nyuma ya imamu, na kwa kupanua maana, asiyejua kitu. Hilo lingemfaa mchawi wa pwani. "Msungo", yaani ambaye hajachezwa unyago, nalo ni la watu wenye unyago. Kwa hadithi ya Mbeya au Iringa ningechagua "mlei", wingi "walei". Kanisani huku kila mtu analijua: ni muumini asiye na daraja takatifu. Mchawi akisema kwa dharau kidogo, "Huyo ni mlei, asikuone," msomaji ameshaelewa mpaka uko wapi bila kuelezwa.

Upande wa pili ni mgumu zaidi, maana hakuna neno safi. "Mchawi" ni mwenye kudhuru; hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ambayo bado ipo kwenye vitabu vyetu kama Sura ya 18, haina nafasi ya mchawi mwema. "Mganga" si wa siri: anabandika namba ya simu kwenye nguzo ya umeme. "Sangoma" na "mtaalamu" ni majina ya mtaani ya huyo huyo. Mwenye mazingaombwe ni wa jukwaani, anacheza kiinimacho na watu wanalipa kiingilio. "Mlozi" ni mchawi yule yule.

"Mwanga" ni neno zuri lakini lina mitego. Mwanga huyu hutokana na kitenzi "kuwanga", kufanya uchawi usiku, na yumo katika ngeli ya watu: mwanga *a*kaingia. Ule mwingine wa taa ni mwanga *u*kaingia. Ukikosea herufi moja, mchawi amekuwa mwangaza wa asubuhi. Wingi wake ni wanga, na wanga pia ndicho kilichomo ndani ya viazi vya kijana wako. Kwa mwandishi mcheshi hiyo ni mali. Kwa asiyekuwa macho ni balaa.

Ila kwa Mbeya kuna njia iliyo karibu zaidi. Godfrey na Monica Wilson, watafiti waliokaa na Wanyakyusa kati ya 1934 na 1938, waliandika tofauti ambayo Kiswahili hakina: kuna *abalosi*, wanaodhuru, na kuna *abamanga*, walinzi wa kijiji wanaowaona abalosi ndotoni na kupigana nao usiku. Nguvu za pande zote mbili zilisemwa kuwa na chanzo kimoja, chatu aliyemo tumboni. Hiyo ndiyo jamii yako ya siri, tena ipo tayari. Lakini usiligeuze neno kuwa "wamanga"! Kwa Kiswahili Mmanga ni Mwarabu wa Omani, na hadithi yako itahama Uyole iende Maskati. Acha wazee waseme "abamanga" kwa umbo lake la Kinyakyusa, likichukua upatanisho wa watu ("abamanga wamefika"), na msimulizi atumie "walinzi".

Vitu vyao pia vina maneno yake. Mchawi wa huku hupaa kwa ungo, si kwa ufagio. Angalia tu usiandike kwamba msichana mchawi "alivunja ungo" akitua juu ya paa. Kuvunja ungo ni kubalehe, na hakuna msomaji atakayefikiria chombo. Sema ungo ulipasuka. Na alama ya macho mekundu iache kabisa. Macho ya bibi huiva kwa moshi wa kuni, na nchini humu vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho hayo.

Namna ya kuficha nayo ina vitenzi vitatu visivyolingana. "Jamii iliyofichwa" imefichwa na mtu mwingine. "Iliyojificha" imeamua yenyewe. "Iliyofichika" haionekani tu, na hakuna anayetajwa. Walinzi wako wamejificha. Mlango wao umefichika. Ukiandika kote "iliyofichwa", msomaji atasubiri hadi sura ya mwisho kumjua aliyeficha.

Mlango huo unapofunguliwa kwa maneno, amri ni "Funguka!" kwa kuwa mlango ndio unaoambiwa ujifungue. "Fungua!" ni kuuagiza mlango ukafungue kitu kingine.

Na kwa lile tukio lenyewe la kijana kuvuka, Kiswahili kimekupa kifaa ambacho lugha nyingi hazina. Chukua mfano wa Gangilonga, lile jabali la Iringa ambalo jina lake kwa Kihehe ni jiwe linaloongea. "Pale jiweni pana watu": wamesimama hapo, unawaona. "Kule jiweni kuna watu": wako pande hizo. "Mle jiweni mna watu": wamo ndani ya jiwe. Sura nzima andika pale, pale, pale, kijana akila mahindi ya kuchoma na kutazama mji chini. Kisha bibi anayeketi pembeni, aliyempa shikamoo asubuhi kama ampavyo bibi yeyote, amuulize bila kugeuka: "Mle umeshaingia?"