Mtoto wa mkimbizi hajiulizi, anaulizwa

Hadithi yangu ya kwanza kuhusu mtoto wa mkimbizi niliisoma kwa sauti jikoni kwetu Kihesa, Iringa. Ilikuwa Juni, baba amesogea karibu na jiko la mkaa kwa baridi. Mhusika wangu alikuwa na miaka kumi, mama Mhehe, baba Mrundi, na kila usiku alitazama nyota akijiuliza, "Mimi ni nani?" Baba alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Na wewe ulijiuliza hivyo lini?"

Sikuwahi. Niliulizwa.

Mwalimu aliniuliza kabila akijaza daftari la darasa, na kabla sijafungua mdomo akaandika Mhehe kwa kuwa alimfahamu mama. Nilirudi nyumbani nikimwonea baba aibu, kama niliyemwibia kitu, na sikumwambia mpaka nilipokuwa mtu mzima. Shangazi wa upande wa mama aliuliza msibani, ili ajue anikalishe wapi. Bibi mzaa baba, kule makazi ya Katumba, Mpanda, aliuliza kwa sababu alinisemesha Kirundi nami nikamjibu kwa Kiswahili. Swali lilikuwa lilelile la wewe ni mtu wa wapi, lakini kila mmoja alikuwa na shida yake nalo.

Kwa hiyo wewe unayeandika hadithi ya mtoto wa namna hii, nakuomba umjue kwanza anayeuliza na anachokitaka. Mtoto atajitokeza mwenyewe katika namna anavyojibu, au anavyonyamaza. Gaël Faye, aliyezaliwa Bujumbura kwa baba Mfaransa na mama Mnyarwanda, anafungua riwaya yake ya 2016 kwa mtoto anayemhoji baba yake: Wahutu na Watutsi wana nchi tofauti? Lugha tofauti? Mungu tofauti? Kila mara jibu ni hapana. Mtoto yule anataka tu mambo yaeleweke, na ndiyo maana maswali yake yanaumiza.

Jambo la pili ni vitu. Mama alisonga ugali wa sembe kila siku. Unga wa muhogo ulipoletwa kutoka Katumba, baba alishika mwiko mwenyewe. Watu wazima huziita hizo tamaduni mbili. Kwangu ilikuwa siku ambayo baba anapika, na nilikaa karibu yake mpaka macho yakaniwasha kwa moshi.

Na safari. Mwaka 1972 baba alivushwa mpaka wa Burundi akiwa mgongoni kwa mama yake. Mkimbizi wa makazi alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi, na ni mwaka 2014 ndipo serikali ilipoanza kuwagawia vyeti vya uraia wa tajnisi wale wa 1972, zaidi ya watu 160,000. Mwandishi lazima ayajue haya yote, lakini mtoto ndani ya basi hayajui. Tulipokwenda kwa bibi kupitia Mbeya, Tunduma na Sumbawanga, nilichokijua ni kwamba kila basi lilipopunguza mwendo kwenye kizuizi, mkono wa baba uliingia kwenye mfuko wa ndani wa koti, ukapapasa, ukatoka. Nilidhani ana maumivu kifuani.

Lugha usiihangaikie sana, mradi neno limtoke mtu kwa kawaida yake. Bibi alinisalimu kwa Kirundi, "Amahoro", nami nikamjibu kwa Kihehe, "Kamwene", bila kufikiri. Alicheka. Kesho yake asubuhi alinisubiri mlangoni akanitangulia: "Kamwene!"

Mhariri mmoja aliwahi kunitaka mwishoni nimfanye mtoto achague upande mmoja. Nilikataa, na bado nakataa. Nikiwa kwenye basi la Mafinga, kila tunapopita Ifunda nawawaza watoto wa Kipolandi, wakimbizi wa Vita Kuu ya Pili, walioanza kufikishwa Tanganyika mwaka 1942, baada ya kupitia Siberia na Iran. Wengine wakakaa hapo Ifunda, wengine Kidugala huko Njombe. Aliyefika na miaka mitano akaondoka na kumi na moja, ukimwambia achague kwao ni wapi, unamwomba akate miaka yake vipande. Wanangu wa hadithi siwafanyii hivyo.

Niliiandika upya. Nyota nilizitoa, nikaweka kizuizi, basi na lile koti. Nilipomsomea baba safari hii, hakusema kitu kwa muda. Kisha akaniomba nirudie pale kwenye mfuko, na wakati nasoma niliona mkono wake umepanda kifuani, ingawa hakuwa amevaa koti.