Matofali mekundu mnayoyasifia

Mdogo wangu, nimesikiliza sauti uliyotuma kwenye kundi la ukoo. Umewaambia wajomba kwamba dada anakaa Charleston huku Marekani, mji wa majumba ya matofali mekundu, kwa hiyo matofali 8,000 ya nyumba ya mama kwangu ni kitu kidogo. Imeniuma.

Zile picha za kuta nilizokutumia, zikuze uzitazame vizuri. Kwenye tofali moja kuna alama za vidole vya mtoto. Mji huu unazo nyingi. Matofali yalifyatuliwa na watumwa, kwenye mashamba ya kando ya mito ya Cooper na Wando. Shamba la Boone Hall, kwa mfano, lilinunuliwa mwaka 1817 na ndugu wawili, Henry na John Horlbeck, wakalifanya la biashara ya matofali. Kufikia 1850 watumwa 85 walikuwa wanatoa matofali 4,000,000 kwa mwaka. Piga hesabu: zaidi ya 47,000 kwa kila kichwa. Wewe na baba mlifyatua 3,000 kiangazi kizima, mkashindwa kuinuka kitandani. Huku watoto wa watumwa waliyageuza matofali yakiwa mabichi ili jua liyakaushe pande zote, vidole vikazama kwenye udongo, yakaingia tanurini hivyo hivyo.

Mimi si mtumwa, nalipwa, na sitaki mtu anifananishe na wale watoto. Lakini pesa yangu inatoka kwenye vyumba 16 vya hoteli kila siku, vyoo na mashuka ya watu, na kodi ya nyumba inameza nusu. Pesa ya kuni niliyotuma Juni ilikwenda wapi? Mama anasema hajaona hata gogo moja.

Na habari ya kuja huku, usije. Usiuze ng'ombe wa baba kwa ajili ya wakala wa visa. Bila makaratasi utajificha kama mwizi, na baridi ya Januari utaisikia mifupani. Ila ukipata makaratasi halali, njoo, kitanda kipo, na fundi mwashi huku anapata kunishinda mimi.

Ijumaa natuma nusu ya pesa ya kuni, nampa mama mkononi mwake. Tanuri liwashwe kabla ya mvua za Novemba. Kazi ya kugeuza matofali tafuta vijana wawili, uwalipe. Watoto wa shangazi usiwatoe shule.