Thanksgiving na wageni mchanganyiko: cha kufanya kabla na baada ya bata mzinga

Dada, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tu rika moja basi habari za masiku.

Umesema mwaka huu unapokea wageni kama ishirini: ndugu zetu wa Tanzania na Kenya, familia ya Wakongo mnaosali nao, na wakwe zako Wamarekani. Na kwamba mwaka jana watu walikula vizuri, kisha kila mmoja akainamia simu yake mpaka saa ya kuaga. Wachangiaji waliotangulia wamekupa orodha za michezo, na mingi ni mizuri. Mimi ninayepokea wageni siku hii hapa Columbus, Ohio, naona shida haipo kwenye uchache wa michezo. Ipo kwenye saa. Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Wamarekani, ni siku ndefu yenye vipindi viwili vigumu: kile cha kusubiri bata mzinga aive, na kile cha baada ya kula, tumbo limejaa na usingizi unapiga hodi. Kila kipindi kina mambo yake. Mchezo unaonoga saa moja unaweza kudoda kabisa saa nyingine.

Tuanze na kusubiri. Bata mzinga wa kilo saba hivi, asiyejazwa kitu tumboni, hukaa ovenini muda wa saa nne kwa nyuzi 325 za Fahrenheit, kisha anahitaji kutulia karibu nusu saa kabla ya kukatwa. Kipimajoto kisipofika 165 pajani na kidarini, hatoki, hata mjomba anung'unike vipi. Maana yake wageni wako watakuwa wanasikia harufu muda mrefu kabla ya kuona sahani. Mtu mwenye njaa usimpe maswali ya akili. Mpe kazi ya mikono.

Kwangu kazi hiyo ni chapati. Unga ukandwe mapema, madonge yawe tayari yamefunikwa, kisha meza moja iwekwe vibao viwili au vitatu na miti ya kusukumia. Shangazi mmoja asimamie kikaangio, wengine wote wasukume. Mama mkwe wa Kimarekani ambaye kila mwaka anaambiwa "kaa tu mama, pumzika" ndiye atakayefurahi kuliko wote, kwa sababu hatimaye amepewa nafasi jikoni. Duara la kwanza halitakuwa duara, na hapo vicheko vinaanza. Mtoto mdogo kuliko wote awe mwamuzi wa nani kasukuma vizuri. Hakuna atakayebishana naye. Wanaume wakate kachumbari. Hii haihitaji Kiingereza cha mtu wala Kiswahili cha mtu, na watu wakishachafuka unga pamoja, mengine yote ya siku hiyo yanakuwa mepesi.

Wakati huo huo televisheni iwe wazi, lakini kwa makusudi. Asubuhi kuna gwaride la Macy's kule New York, lililoanza mwaka 1924, lenye yale maputo makubwa kama majengo. Watoto wataganda hapo. Likiisha saa sita mchana, kituo cha NBC huwa kinaonyesha mashindano ya mbwa, National Dog Show. Usiyadharau. Mbwa wanagawanywa katika makundi saba, kila kundi linatoa mshindi mmoja, na hao saba wanaingia fainali. Andika majina ya wageni kwenye karatasi, na kila kundi linapoingia kila mtu achague mbwa wake kabla mwamuzi hajaamua. Nimeona wazee waliokuja kutembelea watoto wao, ambao kwao mbwa ni mlinzi wa nje tu, wakiinuka vitini kumshangilia mbwa aliyechanwa nywele kama bibi harusi. Bibi wa Kimarekani pembeni anawaeleza sifa za kila aina, mjukuu anatafsiri, na tayari una maongezi.

Kumbuka pia simu ya nyumbani. Mwezi Novemba Dar na Nairobi wametutangulia saa nane sisi wa upande huu wa mashariki ya Marekani. Saa saba mchana kwetu ni saa tatu usiku kwao. Ukisubiri mpaka baada ya kula, bibi ameshalala. Kwa hiyo piga simu ya video wakati wa kusubiri, iunganishe kwenye televisheni kubwa, na wakwe wasalimiane na upande wa pili. Na hapa niseme wazi: wale wanaoshauri ukusanye simu za wageni kwenye kikapu, mimi sikubaliani nao. Watu wazima si wanafunzi wa bweni, na wapo wanaosubiri habari za mgonjwa nyumbani. Mtu akiwa na jambo tamu la kufanya, simu ataiweka mwenyewe.

Jambo la mwisho la kufanya kabla ya kula ni shukrani. Wamarekani wengi wana desturi ya kuzunguka meza, kila mtu akitaja anachoshukuru. Ni desturi nzuri mno, ila kwa watu ishirini, na sisi na hotuba zetu, mchuzi utapoa na wenye haya watateseka. Fanya hivi: mgeni anapoingia mpe kikaratasi na kalamu, aandike jambo moja la mwaka huu analomshukuru Mungu au mtu fulani, kwa lugha yoyote, bila jina. Vyote viingie kwenye chungu au bakuli. Visisomwe sasa. Mezani iwe sala fupi, na watu wale.

Nikiri kwamba sehemu ninayoipenda zaidi ni baada ya kula, ndiyo maana nitaieleza kwa urefu.

Nusu saa ya kwanza usiguse mtu. Aliyelala kwenye kochi alale. Mpira wa Kimarekani ndio unaotawala muda huu: Detroit Lions wanacheza mchana, desturi iliyoanza 1934, na Dallas Cowboys wanafuata jioni, wao tangu 1966. Tatizo ni kwamba nusu ya wageni wako hawauelewi mchezo wenyewe. Dawa yake ni karatasi ya miraba mia. Chora miraba kumi kwa kumi kwenye karatasi kubwa. Juu andika jina la timu moja, pembeni timu ya pili. Kila mgeni aandike jina lake kwenye miraba mitano, popote anapotaka. Karatasi ikijaa ndipo unapochomoa namba kwa bahati nasibu, 0 mpaka 9, uzipange juu na pembeni, ili asijue mtu mapema mraba wake una namba zipi. Mpira una robo nne. Kila robo ikiisha unatazama tarakimu ya mwisho ya alama za kila timu. Tuseme ni 17 kwa 10: unatafuta 7 upande wa timu ya kwanza na 0 upande wa pili, na jina lililopo kwenye mraba huo ndilo limeshinda. Basi. Mama ambaye hajui kwa nini wanaangushana atakuwa anapiga kelele "wasifunge tena!" kwa sababu mraba wake unaongoza.

Nakusihi usiweke pesa. Wamarekani wengi huuchanga kwa dola, lakini kati ya wageni wako lazima wapo, Waislamu na Wakristo, ambao kamari kwao ni haramu au ni aibu, na hawatasema, watajitenga tu. Zawadi iwe chupa ya achari ya embe, pakiti ya majani ya chai kutoka nyumbani, au haki ya kuchagua kipande cha kwanza cha pai.

Kabla giza halijaingia, watoe nje. Mwishoni mwa Novemba huku kwetu jua linazama kama saa kumi na moja na dakika chache jioni, kwa hiyo usichelewe. Wanaoweza watembee kuzunguka mtaa. Watoto na vijana warushe mpira au wacheze cornhole, mchezo ambao watu wa Ohio, hasa upande wa Cincinnati, wanauona ni wao. Ni mbao mbili zilizoinamishwa, kila moja ina tundu, zimewekwa futi 27 mbali. Unarusha kifuko chenye punje za mahindi: kikiingia tunduni alama tatu, kikibaki juu ya ubao alama moja, wa kwanza kufika 21 ameshinda. Kwa watoto punguza umbali. Shangazi zetu waliocheza rede utotoni wana shabaha ambayo mashemeji wa Kimarekani hawaitarajii.

Mkirudi ndani na baridi zenu, chai ya tangawizi iwe inachemka, na hapo ndipo pai. Katika familia nyingi za Wamarekani Weusi, pai ya siku hii ni ya viazi vitamu. Kwa wengine wengi ni ya maboga. Zinafanana rangi na ubishi wake ni wa kweli. Wafunge watu macho kwa leso, wawili wawili, waonje zote mbili na waseme ipi ni ipi. Mwishoni kila mtu apige kura. Wakati wanakula, toa lile bakuli la vikaratasi vya shukrani. Msomaji mmoja asome kwa sauti, mwingine atafsiri, na wote wabahatishe mwandishi ni nani. Utashangaa watu wanavyoandika wasipotakiwa kusimama. Mtu amemshukuru jirani aliyempeleka kazini gari lake lilipokufa, na jirani mwenyewe amekaa pale pale.

Sasa akili zimerudi, unaweza kuleta chemsha bongo. Sharti langu moja: usigawe timu kwa familia wala kwa nchi. Changanya, kila timu iwe na Mmarekani, mtu wa kwetu, mzee na mtoto, kisha maswali yawe nusu kwa nusu ili kila mmoja ahitajike. Rais gani aliitangaza Thanksgiving ya taifa zima mwaka 1863? Lincoln. Kanada wanaisherehekea lini? Jumatatu ya pili ya Oktoba. Nchi gani ya Afrika ina Thanksgiving yake? Liberia, Alhamisi ya kwanza ya Novemba, na hili huwanyamazisha hata walimu. Halafu: urefu wa Kilimanjaro? Mita 5,895. Ubao wa bao una mashimo mangapi? 32, na kete 64. Maswali yasizidi ishirini. Yakizidi, wazee wanaanza kutafuta viatu.

Kuhusu watoto, nina jambo moja ambalo nalishikilia. Kuchora kiganja kwenye karatasi na kukigeuza bata mzinga, dole gumba likiwa kichwa na vidole vikiwa manyoya, ni burudani nzuri na haina neno. Lakini msiwavishe taji za manyoya wajifanye Wahindi Wekundu. Karamu ya walowezi Waingereza ya 1621 kule Plymouth, ambayo ndiyo chanzo cha hadithi ya sikukuu hii, ilihusu watu halisi, Wawampanoag, wenyeji wa asili wa huko, waliokuja wanaume kama tisini na kiongozi wao Massasoit, wakaleta paa watano, wakakaa siku tatu. Tangu 1970 kuna wenyeji wa asili wanaokusanyika pale pale Plymouth siku hiyo hiyo kuomboleza yaliyowapata mababu zao. Sisi tunajua ilivyo mgeni anapokuja na kuchukua ardhi. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuambiwa hayo kwa upole, na sherehe haiharibiki.

Badala yake, wafundishe vitendawili. Huu ndio mchezo unaotuletea heshima bila gharama yoyote. Hata mtoto aliyezaliwa hapa anajifunza mara moja kuitikia "tega!" Anza na vyepesi: nyumba yangu haina mlango, yai. Kuku wangu katagia miibani, nanasi. Kila niendapo ananifuata, kivuli. Wakishindwa watoe mji kama kawaida, ila waache watoe miji wanayoijua: "Chukua Cleveland!" "Nimekwenda Cleveland, nikala vizuri..." Wamarekani nao wana vitendawili vyao, waombe wachangie.

Wazee watengee meza ya dhumna. Babu wa Tanga na baba mkwe wa Alabama hawahitaji mkalimani, maana huko kusini mwa Marekani dhumna inapigwa mezani kwa kishindo kile kile cha barazani kwetu. Vijana wape karata au UNO, ambayo kwa taarifa yako ilibuniwa na kinyozi wa hapa hapa Ohio, mjini Reading, mwaka 1971.

Muziki uje mwisho. Wakwe wafundishe dansi yao ya Electric Slide, nasi tuwafundishe kwaito ya harusini. Zote ni za kwenda kwa mstari, hakuna wa kuachwa peke yake katikati. Kama unakaa ghorofani, mgongee jirani wa chini siku mbili kabla, umwambie kutakuwa na miguu, na umkaribishe. Akikubali umeongeza mgeni, akikataa mpelekee sahani.

Ukiniambia watoto ni wangapi na wana umri gani, nitakuwekea hapa maswali yangu yote ya chemsha bongo uyachapishe.